Uso umejaa chunusi na usingizi umenitoroka, nifanyeje Shangazi?

Shikamoo Shangazi,

Natumai u mzima wa afya. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu na sasa nimeona nami nikuandikie, maana nimefika mahali sijielewi.

Nina miaka 27. Naishi Pipeline, Embakasi, Nairobi, pamoja na mdogo wangu wa kike aliye chuoni. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja zamu ya usiku, kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mteja anakutukana, nawe unatakiwa useme "samahani" kwa sauti ya upole kisha upokee simu nyingine. Nilidhani nimezoea.

Mnamo Januari baba alilazwa. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo bili ya hospitali ikaniangukia. Nilichukua pesa za mapema kazini, nikakopa kwenye chama, na ziliponiishia nikageukia programu za mikopo kwenye simu. Baba alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini mikopo ilibaki, nikawa nalipa huu kwa kuchukua ule. Mwezi uliopita wakala wa programu mojawapo alimpigia msimamizi wangu kazini. Halafu akampigia shangazi ya mchumba wangu, ambaye nambari yake waliitoa kwenye simu yangu, akamwambia mimi ni mwizi. Tangu siku hiyo, simu ikilia na nambari siijui, moyo unanidunda hadi mikono inatetemeka.

Sasa Shangazi, ngozi yangu. Sijawahi kuwa mtu wa chunusi, hata nikiwa shule ya upili. Sasa zimejaa kidevuni na kwenye taya, kubwa, zinazouma ukizigusa, na zikipona zinaacha madoa meusi. Nikiwa kazini usiku mikono inaniwasha na kuvimba vipele, ikifika asubuhi havionekani. Mwezi wa nne nilifumua rasta, na nilipochana nywele zilitoka kwa mafungu hadi nikaketi nikalia.

Nimepaka ndimu. Nimepaka dawa ya meno. Kisha rafiki akanielekeza duka la vipodozi katikati ya mji, wakanichanganyia krimu nyeupe kwenye kikopo kisicho na jina. Siku za kwanza uso ulikuwa laini na ukang'aa, nikafurahi sana. Sasa nikikosa kuipaka usiku mmoja tu, uso unawaka moto na chunusi zinarudi maradufu. Mdogo wangu naye ameanza kuipaka.

Kila nikirudi kutoka kazini nasimama mbele ya kioo, namulika uso kwa tochi ya simu na kuminya hadi damu itoke. Ruracio yetu, sherehe ya mahari, ni Desemba. Dada ya mchumba wangu aliniuliza mbele ya watu, "Wewe uliumwa na nini usoni?" Mchumba mwenyewe anadhani nilikuwa na mkopo mmoja na nimeshaulipa.

Wenzangu kazini wanasema ni stresi, eti nipunguze mawazo. Shangazi, mawazo yanapunguzwaje? Je, kweli yanaweza kutokea usoni? Na nipake nini?

Aliyechoka, Pipeline

---

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote, na hongera kwa kumsimamia mzee wako. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kwa sababu ndani yake kuna matatizo matatu au manne yaliyofungwa pamoja, na yote umeyabandika jina moja la chunusi.

Nianze na swali lako: ndiyo, msongo wa mawazo hutokea usoni, na kichwani, na mikononi. Wanaokuambia upunguze mawazo kana kwamba ni kupunguza chumvi kwenye mchuzi hawajakusaidia, kwa sababu hukuyaleta wewe. Yana chanzo chake, na chanzo hicho ndicho tutakachokishika. Ila kuna jambo moja usoni mwako ambalo silihusishi na mawazo hata kidogo, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Ni kile kikopo.

Krimu isiyo na jina, inayolainisha uso kwa siku chache na kukuadhibu usiku unapoikosa, ina dalili zote za kuwa na steroidi kali ndani yake. Steroidi ni dawa halali, madaktari huitumia kwa magonjwa kadhaa ya ngozi, lakini kwa kipimo na kwa muda maalumu, na usoni huwa waangalifu mno kwa sababu ngozi ya hapo ni nyembamba. Mwanzoni hutuliza kila uvimbe, ndiyo maana ulifurahi. Ukiendelea, ngozi inazidi kuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu inaanza kuonekana, na zinaota chunusi za namna yake zinazosababishwa na dawa yenyewe. Ukiacha, uso unawaka. Unairudia ili utulie, na muuzaji amepata mteja wa kudumu.

Hiyo ni steroidi peke yake. Krimu za kuchanganya huweza pia kuwa na haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua rangi ya ngozi, au zebaki, na zote mbili zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Kenya. Zebaki hupenya kwenye ngozi hadi mwilini na kuharibu figo. Haimdhuru anayepaka peke yake, maana hubaki kwenye taulo, kwenye mto na kwenye mikono inayokanda unga. Kwa hivyo mdogo wako aache leo. Nawe acha leo, kisha uende kumwona daktari wiki hii bila kungoja mwisho wa mwezi, kwa sababu huenda uso ukawaka vibaya kwa siku kadhaa hata wiki kadhaa, na daktari ana njia za kukuvusha salama. Kifunge hicho kikopo kwenye karatasi ukibebe. Mwambie umekitumia kwa muda gani na mara ngapi kwa siku, usimfiche. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe au hospitali ya Mama Lucy, na wakiona inafaa watakuandikia barua ya kwenda kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Kenyatta. Fueni foronya na taulo zenu, na kila mmoja awe na taulo lake.

Sasa turudi kwenye mawazo.

Ubongo unapohisi hatari, huamuru tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kumwaga homoni, adrenalini kwanza kisha kotisoli. Moyo unaenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, misuli inakaza. Mwili umejiandaa kukimbia au kupigana, na hatari ikipita unatulia. Kwako haipiti. Mteja anatukana, unatulia, simu isiyo na jina inalia, unashtuka, na haya yanatokea saa ambazo mwili ulipaswa kulala. Kotisoli inabaki juu. Tezi za mafuta kwenye ngozi huitikia homoni hizi kwa kutoa mafuta zaidi, vinyweleo vinaziba, bakteria wanastawi humo ndani na uvimbe unaanza. Mwaka 2003 madaktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wenye chunusi. Waliwapima kipindi cha kawaida na kipindi cha mitihani, na waliozidiwa na msongo ndio ambao chunusi zao zilizidi, hata baada ya kuangalia mambo ya usingizi na chakula. Kundi lilikuwa dogo, lakini lilichoonyesha ndicho madaktari wanachokutana nacho kliniki.

Kitu kingine ni kupona. Tabaka la nje la ngozi hushikilia maji yasitoke na uchafu usiingie, na msongo huchelewesha ukarabati wake. Mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwatia wanafunzi wa udaktari wa meno kijeraha kidogo kwenye kaakaa, mara moja wakiwa likizoni na mara nyingine siku chache kabla ya mtihani. Kijeraha cha wakati wa mtihani kilichukua muda mrefu zaidi kupona kwa asilimia 40. Sasa fikiria chunusi uliyoiminya alfajiri baada ya zamu ya muda wa saa tisa. Jeraha jingine juu ya mwili uliochoka.

Vipele vya mikononi vinavyovimba usiku na kupotea asubuhi vina maelezo yake. Mishipa ya fahamu huweza kuziamsha seli za kinga zilizo kwenye ngozi zikamwaga histamini, ile ile inayomwagika mtu anapodhurika na chakula, na hapo unawashwa na kuvimba. Dawa ya mzio kama setirizini husaidia, muulize mfamasia aliyesajiliwa. Ila ukivimba midomo au ulimi, au pumzi ikikaza, hiyo ni dharura, ukimbizwe hospitali wakati huo huo. Tena niambie ukweli, je, mdogo wako naye anajikuna usiku? Mkiwashwa wote, hasa katikati ya vidole na kiunoni, huenda ni upele wa kuambukizana, nao hauna habari na mawazo. Dawa yake ni ya kupaka, na hutibiwa wote wa nyumba kwa pamoja.

Na nywele zako, hebu hesabu miezi nami. Baba alilazwa Januari, nywele zikatoka Aprili. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, nywele nyingi husimama kukua kwa mpigo, zikakaa kichwani miezi miwili au mitatu, kisha zikatoka pamoja wakati ambapo mtu ameshaanza kusahau kilichotokea. Ulipofumua rasta ziliongezeka zile ambazo zingetoka kidogo kidogo siku zote ulizosukwa, kwa sababu mtu wa kawaida hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Mizizi haijafa. Zitaota tena, kwa kawaida ndani ya miezi sita hivi tangu mwili utulie. Usisukwe rasta za kukaza kwa sasa, wala usinunue mafuta ya kuotesha nywele ya bei ghali. Ukiona mabaka yasiyo na nywele kabisa, au nywele zinarudi nyuma kwenye paji, hilo ni jambo jingine la kumwonyesha daktari.

Umuulize pia kuhusu hedhi yako. Chunusi za taya kwa mwanamke mtu mzima, zikiandamana na hedhi inayoruka miezi au ndevu kidevuni, huweza kutoka kwenye mvurugiko wa homoni za ovari, na upo uchunguzi wake. Nimechoka kusikia wanawake wakiambiwa kila kitu ni mawazo hadi ugonjwa unakomaa.

Umeuliza upake nini. Vitu vichache sana. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, bila kusugua kwa dodoki. Ndimu huunguza, na ukitoka nayo juani huweza kuacha madoa mabaya kuliko chunusi. Dawa ya meno ni ya meno. Uso ukishatulia kutokana na ile krimu, na daktari akikubali, kuna dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksaidi ambayo hupatikana famasia bila mzunguko mwingi. Anza na ya asilimia 2.5 au 5, kiasi kidogo, usiku mmoja upake na mwingine uache. Inachubua rangi ya nguo, kwa hiyo tumia foronya na lesso ya zamani. Usitazamie kitu kabla ya wiki 6 hadi 8, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakarudi kwenye vikopo. Kwa kuwa ndoa iko njiani, jambo hili lishike sana: zipo dawa za chunusi zisizotakiwa kabisa kwenye mimba, na isotretinoini ya kumeza ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu hulemaza mtoto tumboni. Usimeze tembe yoyote ya chunusi uliyopewa na rafiki.

Madoa meusi ni kumbukumbu ya uvimbe kwenye ngozi yetu nyeusi, na kila ukiminya unaongeza mengine. Huchukua miezi kufifia. Jua huyarefusha maisha, na jua la Nairobi lina nguvu hata siku ya baridi, maana tuko karibu na Ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Unapotoka zamu asubuhi, paka losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 kwenda juu. Ikikosekana, beba kofia pana au mwavuli, bila kuona haya.

Sasa kile kioo. Nakuona umesimama pale bafuni, taa ya simu mkono mmoja, kidole cha shahada na cha gumba cha mkono mwingine vikitafuta. Hicho si kiburi wala uchafu. Ni mwili unaotafuta kitu kimoja duniani unachoweza kukidhibiti baada ya usiku mzima wa kudhibitiwa. Lakini unaweza kuipa mikono kazi nyingine. Kata kucha fupi. Ukifika nyumbani osha uso gizani au kwa taa hafifu, ukiwa umemwachia mdogo wako simu. Kichunusi kinachokuita kibandike plasta ndogo ulale nayo. Na ukiwa kazini uchunguze mkono wako simu zinapoendelea, maana wengi wenu wenye vipaza sauti vya kichwani hushika kidevu kila mteja anapopandisha sauti. Shika kalamu au kitambaa badala yake.

Tuje kwenye usingizi, kwa sababu bila huo hata daktari bingwa atapaka rangi ukuta wenye maji. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Wewe nakisia unalala vipande vipande, jirani anapiga muziki, mjenzi anagonga, watoto wako koridoni. Funika dirisha kwa blanketi nzito au lesso mbili. Weka pamba masikioni. Zima simu kabisa, maana hao wakala hawana haki ya kukuamsha. Lala na uamke saa zile zile hata siku ya mapumziko, angalau sehemu kubwa ya usingizi ikae mahali pamoja. Na chai ya kazini, mwisho iwe saa nane usiku, kwa sababu kafeini huchukua kama saa tano ndipo nusu yake itoke mwilini. Ile chai ya alfajiri ya kujikaza ndiyo inayokukodolea macho saa mbili asubuhi.

Likizo umechukua lini? Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12 ya kazi, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Omba kwa maandishi. Uulize pia kama kuna zamu za mchana za kupokezana, na barua ya daktari itakusaidia hapo.

Kati ya simu moja na nyingine kuna nafasi ndogo ya kupumua, itumie. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tano ukiweza, au mara tatu tu. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa moyo, na utaihisi mabegani kwanza. Mazoezi nayo husaidia usingizi na hofu kwa pamoja. Sikutumi msitu wa Karura kwa nauli usiyo nayo. Shuka matatu kituo kimoja kabla na utembee kwa haraka, ukiwa na mwenzako kama ni gizani. Dakika 150 kwa wiki zikitapakaa hivyo zinatosha.

Lakini mwanangu, yote hayo ni ya kukupa nguvu ya kukabili deni. Kama deni litabaki limefichwa, utapumua hadi kesho.

Chukua daftari. Andika kila mkopo, jina la programu, kiasi ulichochukua, riba, tarehe. Jumlisha, hata kama mkono unatetemeka. Wengi huogopa jumla kuliko wanavyoogopa wakala, na wakishaiona huwa ndogo kuliko ile waliyokuwa wakiota. Kisha acha kabisa kukopa ili ulipe mkopo. Waandikie wakopeshaji ukiomba kulipa kwa awamu unazoweza, na uhifadhi majibu yao. Kama uko kwenye SACCO au chama kinachokuamini, mkopo mmoja wa riba nafuu unaofuta ile yote midogo ni bora kuliko simu kumi kwa siku.

Yule aliyempigia msimamizi wako na shangazi ya mchumba wako amevunja sheria. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu watoaji wa mikopo ya kidijitali, za mwaka 2022, zinawakataza vitisho, matusi, na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya nambari zako ili kukuaibisha. Mkopeshaji wa namna hiyo lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na orodha ya wenye leseni hutangazwa, itazame kama huyo wako yumo. Isitoshe ipo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na malalamiko hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data bila kuhitaji wakili. Piga picha za ujumbe, andika tarehe na saa za simu, mwombe msimamizi wako akuandikie alichoambiwa. Deni ni lako na utalilipa. Heshima yako haikuwekwa rehani.

Na mchumba wako. Mwambie kabla ya Desemba, tena mapema, ukiwa na daftari mkononi. Shangazi yake ameshapigiwa simu, kwa hivyo habari ziko njiani kumfikia, na ni heri azisikie kwako zikiwa na jumla na mpango wa kulipa. Ulikopa kumtibu baba yako. Mwanamume anayetaka kuketi na huyo mzee kuzungumza mahari anastahili kujua bili ya hospitali yake ililipwaje. Akikasirika kwa kufichwa, ana haki, mwombe radhi kwa hilo moja. Akikuona huna maana kwa sababu una deni la matibabu, ni afadhali ulijue sasa. Mdogo wako naye ni mtu mzima wa chuoni, ashiriki, hata kwa kupunguza matumizi ya nyumba. Kifungua mimba hakupewa mgongo wa chuma.

Ikitokea hofu ile ya simu haikuachi hata mkopo ukiisha, au ukakosa usingizi majuma mfululizo, au ukajikuta unawaza ni heri usingekuwepo, usingoje barua yangu. Mwambie mtu aliye karibu siku hiyo hiyo na uende hospitali. Washauri nasaha wapo kwenye hospitali za umma, na hakuna aibu kuwaona zaidi ya kumwona daktari wa meno.

Kuhusu siku ya ruracio, usikubali kusafishwa uso saluni, kuchubuliwa wala kujaribu bidhaa mpya wiki mbili kabla. Kama utapakwa mekapu, mpakaji aijaribu kwenye kipande kidogo cha taya wiki tatu mapema, atumie brashi zilizooshwa, na uitoe yote kabla ya kulala hata kama wageni wameondoka usiku wa manane. Dada ya mchumba akiuliza tena, mwambie unatibiwa na daktari.

Shangazi yako